JUU YA MISHAHARA YA WATU WA HOSPITALI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Temeke)



Mwanachama mwenzetu wa Mbagala alituuliza neno. Binti yake amefaulu mtihani, naye ataka kazi ya hospitali. Je, asome uuguzi, utabibu au udaktari? Kwetu sisi makarani, tuandikao hati za mishahara ya watu, si haki kumjibu kwa kubahatisha.

Ngazi ya Serikali kwa watu wa afya huitwa TGHS, nayo hupanda kwa herufi. Muuguzi mwenye cheti huanzia A; tabibu mwenye stashahada, aliyesoma miaka 3, huanzia B; daktari, aliyesoma miaka 5 na kuongeza mwaka 1 wa utarajali, huanzia E. Kipimo hapo ni elimu. Ama kima cha chini cha watumishi wa Serikali kilipandishwa Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hata 500,000 kwa mwezi.

Wako wasemao, "Daktari apata mno." Sisi hatukubali. Tukumbuke dhuluma yenyewe ilivyokuwa: mwaka 1948 Tume ya Holmes ilishauri kwamba mtumishi asiye Mzungu alipwe sehemu 3 katika 5 za mshahara wa Mzungu. Mwafrika hakupunguziwa kwa ujinga, bali kwa rangi. Mwaka 1954 Tume ya Lidbury ikashauri kipimo hicho kiondolewe.

Lakini elimu nayo isiwe pazia la kuficha jasho. Muuguzi akeshaye Temeke au Mwananyamala hununua unga kwa bei ile ile anunuayo daktari. Posho yake ya muda wa ziada ikichelewa, deni lake dukani halichelewi. Na karatasi ya posho ile hupita mikononi mwa nani? Mwetu. Tukiilaza mezani wiki mbili, tumempunguzia mshahara bila tume yo yote.

Basi jibu letu kwa binti ni hili: achague kazi aipendayo, maana ngazi haikufungwa, muuguzi wa cheti aweza kusoma tena hata shahada, akapanda. Haba na haba hujaza kibaba. Na kwetu sisi: karatasi ya mtu isilale.