Wanyama na Ndege wa Mkoa Wetu

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nieleze mahali pa kuwaona wanyama na ndege wetu, ili chama na shule vipange safari ya likizo. Wengi hudhani safari ya namna hiyo lazima iende Serengeti. Huko ni kuzuri. Lakini mkoa wetu wa Morogoro una viumbe ambao Serengeti hawapo, na baadhi yao hawapo popote duniani ila hapa kwetu na milima inayopakana nasi.

Tuanze na Mikumi, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1964. Barabara kuu ya Iringa inaikata katikati. Abiria wa basi huona twiga dirishani akadhani amekwisha kuiona hifadhi. Afadhali muingie ndani alfajiri, mwende uwanda wa Mkata. Hapo wapo tembo, nyati, pundamilia, nyumbu, na mkibahatika simba. Aidha, kuna bwawa la viboko. Wapenzi wa ndege wakae hapo kimya, watafaidi.

Kutoka Mikumi mshike njia ya Ifakara hadi Mang'ula, lango la Hifadhi ya Milima ya Udzungwa iliyoanzishwa mwaka 1992. Humo hakuna kuzunguka kwa gari, ni miguu yenu tu. Njia ya maporomoko ya Sanje, yenye kimo cha mita 170 hivi, hupita katika msitu wa mbega wekundu na wa kima aitwaye ngolaga.

Hapa, vijana, nisikilizeni vizuri. Vitabu husema ngolaga aligunduliwa mwaka 1979. Lakini wawindaji wa Sanje walikwisha kumjua na kumpa jina. Mwaka 1991 wataalamu walimtambua kwale wa Udzungwa baada ya kuona miguu ya ndege wasiyemfahamu ndani ya sufuria kambini. Kwa wataalamu alikuwa ndege mpya. Kwa mpishi alikuwa kitoweo. Kwale huyo hukaa misitu ya mbali, juu, hamtamwona siku hiyo. Nimemtaja ili mjue kwamba elimu ya msitu ilianza kwa wenyeji wake.

Mkimaliza Udzungwa, teremkeni hadi mto Kilombero. Kwenye matete ya bonde hilo anaishi kwera wa Kilombero, ndege mdogo wa manjano aliyeandikwa na wataalamu mwaka 1990 tu. Bonde hilo pia ni makao ya sheshe, swala wa nyika zenye maji, ambaye amepungua sana kwa kuwa mashamba na mifugo vimeingia katika malisho yake.

Ndugu zangu, uhifadhi una gharama, na gharama hiyo hailipwi na mtalii. Hadi mwaka 2011 wanavijiji wa kando ya Udzungwa waliruhusiwa kuokota kuni kavu ndani ya hifadhi siku moja kwa wiki. Ruhusa hiyo ikafutwa ili msitu upone. Mama wa Mang'ula alibaki na sufuria yake na mafiga yake, akatafute kuni kwingine. Mkienda kumtazama ngolaga, mkumbukeni na mama huyo.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, shule iandikie hifadhi mapema, na safari iwe wakati wa kiangazi, kwani mvua huharibu njia. Pili, kila mwanafunzi awe na daftari, na kila mnyama au ndege amwulize mzee wa kijiji jina lake kwa lugha ya hapo. Wazee hao wakiondoka, majina hayo yataondoka nao. Tatu, sisi wa zamani tuchange nauli, na fedha ikibaki tununue miche ya miti ya kuni, ipandwe kwenye shule za vijiji hivyo.