Sikio halina piesi ya kubadilisha: maneno yetu juu ya makelele ya kazi



Leo sitaongea juu ya bunduki. Nataka tuongee kitu kingine chenye kinaumiza batu wetu kila siku. Hakitoi damu, njo maana hakuna mwenye anakihesabu: makelele ya kazi.

Yaya yangu alifanya miaka nane kwenye mashini ya kusaga unga, hapa hapa mujini. Asubuhi mpaka jioni ndani ya chumba kidogo cha mabati, moteri ya mazutu pembeni yake, bila kitu cha kufunika masikio. Mwaka wa kwanza, usiku alikuwa anasikia mulio ndani ya kichwa, asubuhi unaisha. Kiisha ukabakia. Mama akimuita, haitike. Sisi tulikuwa tunasema iko na kiburi! Siku moja pikipiki ikapiga honi nyuma yake, hakusikia, ikamugonga. Njo tukajua: haikuwa kiburi, sikio lilikuwa limekufa.

Yeye haiko peke yake. Umeme hautoshi, kwa hiyo kazi nyingi za mujini zinatembea na grupu. Angalia wale wanaochomelea na kukata vyuma, bamekanisia, vijana wa mashini za unga, na badada wenye wanauza siku nzima mbele ya bafle.

Ndani ya sikio kuko chembe ndogo sana zenye vinywele. Zenyewe njo zinapeleka sauti kwenye ubongo. Makelele yanaziua polepole, na zikikufa hazioti tena. Moteri ikiharibika unatafuta piesi. Sikio halina piesi. Tena makelele hayaishie kwenye sikio: yanapandisha tansio, yanachokesha roho, yanaharibu usingizi, yanaleta aksida kazini juu hausikie mwenzako anapokuonya.

Waganga wanasema kipimo ni desibeli 85 kwa saa 8. Ikiongezeka 3 tu, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Mashini ya kukata chuma inaweza kufika 100. Hapo ni dakika 15 tu! Hauna kipimo? Simama metre moja na mwenzako. Kama shurti upige kelele ili akusikie, ujue fasi hiyo ni ya hatari.

Na tusijidanganye. Pamba ya kawaida haikingi. Kuweka ekuta na muziki juu ya makelele ni kuongeza makelele.

Kuna mwenye atasema: «Shukuru uko na kazi.» Hapana. Kode ya Kazi, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamulazimisha patro kulinda afya na usalama wa mutumishi wake. CNSS nayo iko na sehemu ya magonjwa yenye yanatokana na kazi. Lakini kama patro hakukuandikisha, utaugua kwa franga zako mwenyewe. Siye hatuombi zawadi. Tunaomba sheria.

Kwa hiyo tunasema:

1. Bapatro: mulete vifuniko vya masikio, mutoe grupu inje ya chumba, mupangie batu zamu ili mutu mumoja asishinde kwenye moteri. Na muandikishe batumishi kwenye CNSS.

2. Inspeksio ya kazi: mutoke ofisini, mupite kwenye maatelye na mashini za unga, si kwenye sosyete kubwa tu.

3. Meri: mupange fasi ya mashini kubwa mbali na masomo na malopitali.

4. Siye vijana: kama unasikia mulio kisha kazi, usingoje miaka nane. Enda kwa muganga, na uambie benzako.

Yaya yangu hatasikia tena vizuri. Lakini kijana mwenye alikamata kazi yake kwenye mashini ile ile iko na miaka 19, na masikio yake yangali mazima. Juu yake njo tunasema leo, mbele hajafika fasi yenye hatatusikia tena.