Masomo ya Watoto wa Vibarua wa Mashambani
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Chama, Nakuru



Kamati iliniomba niseme juu ya masomo ya watoto wa maskini katika sehemu zetu za mashambani, kwa kuwa nilikuwa mwalimu miaka mingi, na kwa kuwa leo pana hoja mbele yenu ya kutumia fedha zetu za mwaka kujenga chumba kimoja cha darasa. Nimekuja kuwaomba msikijenge mwaka huu. Najua maneno hayo ni machungu, maana kila mmoja wetu apenda kuona mabati mapya yakimetameta na jina la Chama juu ya mlango. Basi nivumilieni nieleze.

Wengi mliomo humu mlizaliwa, kama mimi, katika mashamba ya masetla. Baba zetu waliacha kwao, wengine Kiambu na Nyeri, wengine Kericho, Baringo au Nyanza, wakaja hapa Bonde la Ufa wakaitwa maskwota. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota amfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, ndipo apate kulima kipande chake na kulisha mifugo yake. Sheria ya 1937, iliyoanza kutumika 1940, iliyapa mabaraza ya masetla uwezo wa kuziongeza siku hizo na kuipunguza mifugo. Katika mpango huo shule haikuwa haki ya mtoto. Ilikuwa hisani ya mwenye shamba: akipenda atoa banda, akighairi alifunga.

Nilianza masomo mwaka 1958 katika banda lililokuwa ghala la magunia ya pareto, upande wa Molo. Mwalimu alikuwa mmoja, naye alifundisha madarasa manne, kila darasa na pembe yake. Tulisoma asubuhi, ilipofika saa sita tulishika vikapu tukaenda kuchuma pareto pamoja na mama zetu, maana vidole vya mtoto huchuma upesi, na nyapara alilijua hilo. Siku moja mwaka 1960 likaja trekta, banda likajazwa mbegu za viazi, na mwalimu akaambiwa kwamba shule imekwisha. Hapakuwa na ugomvi wala kosa. Nafasi ilitakiwa tu. Mimi nilibahatika kupelekwa kwa shangazi yangu Elburgon nikaendelea. Katika pembe yetu ya darasa la tatu tulikuwa watoto kumi na mmoja. Tuliopita darasa la nne, nijuavyo mimi, ni wawili.

Wala isidhaniwe kwamba wazee wetu walikaa wakingoja kuhurumiwa. Watu waliopelekwa Olenguruone mwaka 1941 walijijengea shule yao wenyewe huko juu ya Mau, kabla ya kuondolewa kwa nguvu miaka michache baadaye. Katika nchi ya Wakikuyu shule za kujitegemea zilijengwa kwa kuku na mayai ya akina mama, zikawa na chuo chao cha walimu pale Githunguri tangu 1939. Zikafungwa baada ya kutangazwa Hali ya Hatari mnamo Oktoba 1952. Nayataja haya kwa sababu vijana wetu wengine husema kwamba mtu maskini hajali masomo ya mwanawe. Hilo si kweli, wala halikuwa kweli wakati wowote.

Uhuru ulipokuja, na makampuni ya kununua ardhi kama Ngwataniro na Nyakinyua yalipoyanunua mashamba makubwa ya wilaya yetu, mahali pengi wanahisa walitenga kiwanja cha shule, wakachanga, wakajenga. Hiyo ni sifa kubwa. Lakini asiyekuwa na hisa hakuwa na kiwanja. Alibaki kibarua: wa mkonge huko Rongai na Solai, wa chai Kuresoi, na baadaye wa maua kando ya ziwa Naivasha. Juu ya mtoto wa huyo nataka kusema.

Mara kwa mara serikali imetangaza kwamba masomo ni bure. Siku ya Jamhuri mwaka 1973 Mzee Kenyatta aliondoa karo kwa madarasa manne ya kwanza, na mwezi wa Januari 1974 watoto karibu milioni moja zaidi waliingia shuleni katika nchi nzima. Shule hazikuwa na nafasi. Halmashauri zikaanza kutoza fedha za ujenzi, na mahali pengine fedha hizo zilizidi ile karo iliyoondolewa. Wengi wa watoto wale walirudi nyumbani kabla mwaka haujaisha. Mwaka 1979 Rais Moi akazipiga marufuku fedha hizo. Mwaka 1988 ukaja mpango wa kugawana gharama, zikarudi. Januari 2003, chini ya Rais Kibaki, karo ya shule za msingi ikafutwa tena, na kila mtoto akatengewa shilingi 1,020 kwa mwaka. Idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka karibu milioni 5.9 hadi kupita milioni 7. Katiba ya 2010 ikaifanya elimu ya msingi kuwa haki ya kila mtoto, bila malipo na kwa lazima, na sheria ya 2013 ikamwekea adhabu mzazi asiyempeleka mwanawe shuleni.

Hapa yanipasa kusema jambo ambalo si la kunipendeza. Mwaka 1991 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ambayo sitaitaja. Tulikuwa tukijenga chumba cha darasa la nane, na kila mzazi alitakiwa kutoa fungu lake. Palikuwa na msichana wa darasa la sita, binti wa kibarua wa mkonge, mwenye akili nyepesi ya hesabu kuliko mwanafunzi yeyote niliyepata kumfundisha. Baba yake alikuwa hajalipwa mshahara wa mwezi uliopita. Nilimpa yule mtoto barua siku ya Jumatatu, kama nilivyowapa wengine kadha wa kadha, nikamtuma nyumbani alete fedha. Hakurudi. Nilidhani amehamia shamba jingine, wala sikuuliza.

Mwaka 2004 alikuja shuleni, mwanamke mzima, amemshika mkono mwanawe wa kwanza aje kumwandikisha. Alinisalimu kwa heshima, akaniuliza, "Mwalimu, huyu naye mtamrudisha?" Nikamwambia asiwe na wasiwasi, serikali imekwisha kufuta karo. Akanijibu, "Hata wakati ule haikuwa karo, mwalimu. Zilikuwa fedha za ujenzi."

Chumba kile kilijengwa. Kipo mpaka leo, na ni chumba kizuri.

Wazee wangu, mtoto wa kibarua hazuiwi leo na neno karo. Anazuiwa na mambo madogo madogo ambayo hayatangazwi redioni. Ni sare iliyoraruka. Ni fedha za mtihani wa majaribio. Ni fedha za mlinzi. Tena kuna cheti cha kuzaliwa, ambacho Wizara ilikifanya kuwa ufunguo wa kumwandikisha mtoto katika orodha yake. Mama aliyejifungulia katika kambi ya vibarua, kisha akahama mara tatu, atakipata wapi upesi? Kuhama huko nako ni kisa kizima. Kazi ikipungua shambani, jamaa hufunga virago katikati ya muhula, na mtoto hufika shule mpya bila barua ya uhamisho, akakalishwa nyuma kama mgeni. Nasi twakumbuka uhamaji wa namna nyingine: miaka ya 1992 na 1997, na mapema 2008 wakati uwanja wetu wa maonyesho hapa Nakuru ulipojaa mahema. Mtoto aliyetolewa Molo au Kuresoi katika darasa la tano hakupoteza muhula tu. Wengine walipoteza shule kabisa.

Lakini kubwa kuliko yote ni chakula cha mchana. Mtoto huondoka nyumbani alfajiri, labda amekunywa chai ya rangi, labda hakunywa. Hutembea mwendo wa saa nzima au zaidi. Ikifika saa saba wenzake wa karibu huenda nyumbani kula. Yeye hukaa chini ya mti, na saa nane huingia darasani akasinzia. Mwalimu asiyejua humchapa, anayejua humwacha alale. Baada ya majuma machache mtoto huona afadhali kwenda kuokota viazi vilivyobaki shambani, kwa sababu huko angalau atakula. Mpango wa chakula shuleni ulioanza mwaka 1980 ulielekezwa wilaya kame, kama Baringo kwa jirani zetu, na hiyo ni haki. Ila mtoto wa kibarua katika nchi yenye rutuba hakufikiriwa, maana nani atadhani kwamba kuna njaa Njoro, penye ngano na mahindi mpaka upeo wa macho?

Wazee mnayakumbuka maziwa ya Nyayo, yale ya pakiti za pembe tatu, tangu 1979. Mimi nilikuwa na daftari la mahudhurio mkononi. Siku ambayo lori la maziwa lilitazamiwa, hata watoto wachanga wa nyumbani walifuata kaka zao. Siku lori lilipokwama kwenye matope, daftari lilikuwa na nafasi nyingi tupu. Sikuhitaji mtaalamu wa kunifasiria.

Na ushahidi wa hapa karibu tunao. Katika kijiji cha Pwani, Njoro, ipo shule ya sekondari ya kutwa iitwayo Keriko. Mwalimu wake wa sayansi, Ndugu Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko, alipewa Dubai mwezi wa Machi 2019 ile tuzo ya dunia ya mwalimu bora, dola milioni moja. Dunia ilistaajabu kusikia kwamba shule ile ilikuwa na kompyuta moja, na kwamba wanafunzi wengine walitembea kilomita 7. Mimi nilistaajabu kwa jambo jingine. Mtu huyu alikuwa akitoa sehemu kubwa ya mshahara wake, karibu asilimia 80, kusaidia maskini, wakiwamo wanafunzi waliokosa sare na vitabu. Yaani alijaza kwa mfuko wake yale mashimo madogo madogo ninayoyasema. Si haki kuwaachia watawa kazi hiyo. Chama kina mfuko mpana kuliko wa mtu mmoja.

Nasikia minong'ono kule nyuma. Mtasema chumba hudumu, na githeri huliwa ikaisha. Ni kweli. Tena ni kweli kwamba madarasa yamejaa, na kwamba tangu 2023, wanafunzi wa darasa la saba walipobakizwa katika shule za msingi, nafasi imezidi kubanwa. Sikatai kwamba chumba chatakiwa. Nasema chumba ni kazi ambayo tuna haki ya kuidai kwa serikali, kwa maandishi, mpaka itekelezwe. Lakini hakuna ofisi ninayoijua itakayomtafuta mtoto mmoja aliyeacha kuja tangu Jumanne. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wengine watasema tutawazoeza wazazi uvivu. Wazazi hawa huamka saa kumi za usiku. Na hata hivyo sisemi tuwape bure tupu: kila mzazi alete kuni, na gorogoro moja ya mahindi wakati wa mavuno, na akina mama wapike kwa zamu. Nimeongea nao. Wako tayari, na wamesema wazi kwamba ufunguo wa ghala ukae kwao, usikae kwa mwalimu mkuu wala kwa mwenyekiti wa Chama. Naliunga mkono jambo hilo, nami nimekuwa mwalimu mkuu.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, hoja yangu ni kwamba fedha za mwaka huu zinunue masufuria na maharagwe kwa ile shule tuliyokusudia kuijengea, na fungu dogo liwekwe kando kwa ajili ya sare na vyeti vya kuzaliwa. Mwanachama mmoja katika kila kambi ya vibarua achaguliwe kulipitia daftari la mahudhurio kila Ijumaa na kwenda nyumbani kwa mtoto aliyekosekana, kabla hajasahauliwa. Mweka hazina anayo hesabu. Maharagwe yanavunwa sasa, na gunia litapanda bei kuanzia Januari, kama mjuavyo. Naomba mwanachama mmoja aiunge mkono hoja hii, ipigiwe kura kabla hatujaenda kula.