Nyumba za Bei Nafuu na Wajibu Wetu

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati imeniagiza niseme machache juu ya nyumba za bei nafuu zinazojengwa na Serikali, kwa kuwa wengi wenu mmeuliza fedha tunazokatwa kila mwezi zaenda wapi, na kama zitaturudia. Nitaeleza yaliyo hakika, kisha nitaleta shauri mbele yenu.

Wazee hawana haja ya kukumbushwa kwamba mji wa Nairobi haukujengwa kwa ajili ya Mwafrika mwenye mke na watoto. Wakati wa utawala wa kikoloni alihesabiwa kuwa mgeni mjini, mtu wa kufanya kazi na kurudi kwao. Kwa hiyo mara nyingi alipewa kitanda katika chumba cha watu wengi, wala si nyumba. Pumwani ilianzishwa katika miaka ya 1920, na Kaloleni ikajengwa katika miaka ya 1940, lakini watu waliongezeka upesi kuliko nyumba, na aliyekosa akajisetiri kwa mabati.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yatamka kwamba kila mtu ana haki ya kupata makao yanayofaa. Lakini haki hiyo haiwi paa wala ukuta mpaka itafutiwe fedha. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha ushuru wa nyumba. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo Mahakama Kuu iliamua kwamba ushuru ule ulikuwa kinyume cha Katiba, na mojawapo ya sababu ni kwamba uliwaangukia wenye mishahara peke yao. Ndipo Bunge likatunga Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, ikatiwa sahihi mwezi wa Machi 2024. Kwa sheria hii mwajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake mzima, na mwajiri huongeza kiasi kilicho sawa. Asiye na mwajiri naye hutakiwa kutoa asilimia 1.5 ya pato lake. Mwenye mshahara wa Sh. 20,000 hutoa Sh. 300, na mwajiri wake Sh. 300, jumla yake Sh. 7,200 kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha taifa zima si kidogo.

Yafaa tuelewe jambo moja waziwazi: fedha hizi si akiba ya mtu. Aliyekatwa hapati nyumba kwa sababu amekatwa. Sharti aombe, atoe malipo ya awali, na kukubaliwa. Basi kama fedha zetu hazitaturudia mkononi, faida yetu yote imo katika swali hili: nyumba zapewa nani?

Sheria imegawa mafungu. Mwenye pato lisilofika Sh. 20,000 kwa mwezi amewekewa nyumba za jamii; mwenye Sh. 20,000 hadi Sh. 149,000, nyumba za bei nafuu. Na aliyezidi hapo, nyumba za tabaka la kati. Mpango ni mwema, na mwezi wa Mei 2025 nyumba za kwanza za Mukuru, Nairobi, zilianza kukabidhiwa wenyewe. Walakini yaliyopita yatufundisha kuangalia.

Huko Dandora, katika miaka ya 1970, vilipimwa viwanja 6,000 kwa msaada wa mkopo wa Benki ya Dunia, ili watu wa kipato kidogo wajijengee polepole. Wengi walijenga, nao wastahili sifa. Lakini wako walioshindwa na gharama, wakauza au wakapangisha, na wenye nafasi wakashika mahali pao. Huko Kibera, wakazi wa Soweto Mashariki walihamishiwa nyumba 600 za Lang'ata mwezi wa Septemba 2009 wangojee nyumba mpya, na hizo zilikabidhiwa mwaka 2016. Katika miaka hiyo ya kungoja, wako waliopangisha chumba ndani ya nyumba waliyopewa ili wamudu kodi. Maskini aweza kupewa ufunguo leo, na hesabu ya mwisho wa mwezi ikamtoa kesho.

Sheria ya 2024 yamkataza mwenye nyumba kuiuza bila idhini ya Bodi, na hiyo ni kinga njema. Lakini haimsaidii yule ambaye hakuingia kabisa, kwa kuwa hakujua kuomba, au hakuwa na malipo ya awali.

Kwa hiyo Kamati yaleta mashauri matatu. La kwanza, Chama kifungue daftari la wanachama wasio na nyumba, nasi makarani tuwasaidie kujiandikisha katika Boma Yangu, hasa wazee na wajane wasioweza kutumia mashine hizi. La pili, kila aliyeandikwa aanze kuweka akiba kidogo kidogo kwa Mweka Hazina kwa ajili ya malipo ya awali. La tatu, Chama kiiandikie kamati ya nyumba ya kaunti yetu, iliyowekwa na sheria, tuulize nyumba za jamii zitakuwa ngapi kati ya zote, na wanaozipata huchaguliwa kwa njia gani.

Najua mzee mmoja aweza kusema, "Mimi nina nyumba yangu shambani, haya yanihusu nini?" Mzee wangu, yakuhusu, kwa kuwa watoto wako wamepanga mjini, na shilingi zao zimo katika kibaba hicho. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tusitosheke kuona milango mipya imepakwa rangi. Tuulize aliye ndani ni nani.

Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano uyafikirie mashauri haya na kuyapigia kura leo.