Mwamba Ule si Mahali pa Bure

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia, Mbololo)

Nimeombwa niseme juu ya mwamba ule wazi wa mlimani, ambao wengine wenu wanataka uvunjwe uwe kokoto. Nimesikia mkisema, "Pale hapamei kitu." Haya, hebu tuangalie pamoja.

Sisi tuna mvua mara mbili: Machi mpaka Mei, halafu Oktoba mpaka Desemba. Mwamba wetu ni mgumu, haunywi maji. Mvua ikinyesha, maji yanatuama katika vishimo na kwenye udongo mwembamba, pengine kina cha kidole tu. Kwa muda pale panakuwa kama kinamasi. Jua likirudi, panakauka kuliko shamba lolote. Mahindi hayawezi kukaa pale, wala mti mkubwa. Lakini iko mimea iliyozoea yote mawili, maji mengi na kiu kali.

Wataalamu wanaiita Craterostigma na Xerophyta. Wakati wa kiangazi ukiikanyaga inavunjika kama majani ya chai. Utasema imekufa. Jamani, haijafa, imelala! Jaribuni wenyewe. Msiing'oe. Imwagilieni maji pale pale ilipo mpaka udongo ulowe, halafu rudini baada ya siku moja, mbili au tatu. Mtaona majani yamefunguka, yameanza kuwa kijani. Katika Chuo Kikuu cha Cape Town, Profesa Jill Farrant na wenzake wanaichunguza mimea ya namna hii, ili siku moja wapate mazao yanayostahimili ukame. Sisi tunaojua njaa ya kiangazi, si ndio tungeitunza kwanza?

Sasa, faida yake hapa nyumbani ni nini? Mizizi yake imeshika ule udongo kidogo. Maji yakishuka yanakutana nayo, yanapunguza mbio. Ukiiondoa, maji yanashuka kwa nguvu na udongo wote, yanachimba makorongo shambani na kujaza matope kwenye chemchemi. Mama anayebeba mtungi ndiye atakayelipa.

Tena tukiingia msituni, kwenye mawe yenye kivuli na unyevu, kuna ua dogo la zambarau. Jamaa zake walitolewa Usambara mwaka 1892 na Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, wakapelekwa Ujerumani. Leo maua ya ukoo huo yanauzwa katika vyungu dunia nzima. Lakini hili letu, lililopewa jina la teitensis kwa ajili ya Taita, makao yake ya asili ni msitu wa Mbololo peke yake. Kule Kilifi, upande wa Kaloleni, ndugu yake anaishi kwenye mawe ya chokaa. Kila mmoja ameshika mwamba wake. Mwamba ukivunjwa au kivuli kikikatwa, hana pa kuhamia.

Najua kokoto ni pesa, na karo ya shule haingoji. Sikuja kuwacheka. Lakini kokoto utaiuza mara moja, na maji utayahitaji kila asubuhi. Kwa hiyo naomba kila kikundi kifanye mambo manne:

1. Pandeni kwenye mwamba wakati wa mvua, muone maji yanatuama wapi na yanashukia wapi. Wazee waende pamoja na vijana.
2. Pale maji yanapotuama pasivunjwe, pasichomwe moto, wala mbuzi wasilishwe.
3. Anayetaka kokoto aanze na mawe yaliyolegea mashambani. Kabla ya kufungua machimbo, kumbukeni sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inataka madhara yake yapimwe kwanza.
4. Maua ya msituni yasing'olewe kuuzwa. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inawaruhusu wananchi kuunda chama cha kutunza msitu pamoja na serikali. Ulizeni ofisi ya misitu.

Wazee wetu walikuwa na misitu ya fighi, isiyokatwa ovyo. Hawakusoma vitabu vya mimea, lakini walijua kuna mahali ambapo mtu anapaacha ili pamtunze.

Mkutano wenu wa kuamua uko mbele. Kabla ya kupiga kura, pandeni mkaone.