SIKU ZA KUWASILI NA DAFTARI LA KARANI



Zipo nchi kadhaa ambazo, miongoni mwa sikukuu zao za Taifa, imo siku ya kukumbuka kuwasili kwa wahamiaji kutoka Bara Hindi. Mauritius huiadhimisha tarehe 2 Novemba, Trinidad na Tobago tarehe 30 Mei, na Guyana tarehe 5 Mei. Fiji nayo huifanya kumbukumbu hiyo katika mwezi wa Mei. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza asili ya siku hizo, na kuonyesha kwa nini zinamhusu kila mwenye kushika kalamu katika afisi ya umma.

Asili yake ni moja. Uingereza ilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka 1833, wenye mashamba ya miwa katika makoloni yake walitafuta mikono mingine ya kazi. Mawakala waliingia vijijini India wakaandikisha watu kwa mkataba, aghalabu wa miaka mitano. Merikebu Atlas ilitia nanga Port Louis, Mauritius, tarehe 2 Novemba 1834 ikiwa na vibarua 36. Whitby na Hesperus zilifika Guyana tarehe 5 Mei 1838. Leonidas ilifika Fiji tarehe 14 Mei 1879. Trinidad ilipokea merikebu yake ya kwanza tarehe 30 Mei 1845, nayo ilikuwa na abiria zaidi ya 200. Merikebu hiyo hujulikana kwa jina la Fatel Razack. Lakini kwa Kiarabu jina hilo ni Fath al-Razzaq, yaani ushindi utokao kwa Mwenye Kuruzuku. Katika makaratasi ya wakoloni liliandikwa kwa namna mbali mbali. Uandikishaji wa vibarua hao ulisimamishwa mwaka 1917.

Ifahamike kwamba tarehe hizo hazikuhifadhiwa kwa masimulizi ya wazee peke yake. Zimejulikana kwa sababu karani alikaa bandarini na daftari lake. Huko Mauritius, kwenye kituo cha Port Louis kiitwacho leo Aapravasi Ghat, watu karibu nusu milioni walipita. Kila mmoja alipewa nambari, na likaandikwa jina lake, jina la baba yake, kijiji alichotoka, umri, kimo na alama za mwilini. Kuanzia miaka ya 1860 wakaanza pia kupigwa picha.

Daftari hilo halikuandikwa kwa huruma. Lilikuwa chombo cha kumdhibiti kibarua, kwani aliyekutwa njiani bila cheti na picha yake aliweza kukamatwa na kutiwa ndani. Mwaka 1871 maelfu ya vibarua walitia saini malalamiko yaliyoandaliwa kwa msaada wa mzungu mmoja mwenye shamba, Adolphe de Plevitz, na Uingereza ikalazimika kuunda tume ya uchunguzi mwaka uliofuata. Hata hivyo, karatasi ile ile iliyomfunga babu ndiyo inayomfungulia njia mjukuu. Madaftari hayo yamehifadhiwa katika Taasisi ya Mahatma Gandhi, huko Moka, na mwenye kutafuta kijiji cha wazee wake huanzia hapo. Kituo chenyewe kiliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Upande wa pili wa habari hii unafika mpaka mwambao wa Afrika Mashariki. Kabla ya Wahindi wa mkataba, mashamba ya Mauritius yalilimwa na watumwa, na wengi wao walitoka Msumbiji, Madagaska na mwambao huu. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alifunga mapatano na Sultani wa Kilwa ili apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka. Watu hao walihesabiwa kuwa ni mali. Walipewa majina mapya, na mtu wa kabila lolote la bara aliweza kuandikwa kuwa ni "Msumbiji" tu, bila ya kijiji wala jina la baba. Kwa sababu hiyo wajukuu wao hawana siku ya kuwasili. Siku yao ni tarehe 1 Februari, kwa kukumbuka kukomeshwa kwa utumwa kisiwani humo mwaka 1835. Mmoja ana tarehe ya merikebu, mwenziwe ana tarehe ya sheria. Mauritius imefanya busara kuzipa siku zote mbili heshima ya sikukuu ya Taifa.

Aidha, daftari huweza kutoa tarehe, lakini haliamui siku iitwe jina gani, wala ni ya nani. Trinidad ilitangaza sikukuu hiyo mwaka 1994 kwa jina la Siku ya Kuwasili. Mwaka 1995, ilipotimia miaka 150, ikaitwa Siku ya Kuwasili kwa Wahindi. Guyana iliifanya sikukuu mwaka 2004, ikabakisha jina la Siku ya Kuwasili ili kila jamii iliyokuja ijione imo. Fiji iliifanya mapumziko ya Taifa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, na katika maadhimisho hayo Waziri Mkuu Sitiveni Rabuka aliwaomba radhi hadharani raia wenye asili ya Kihindi kwa mapinduzi aliyoyaongoza mwaka 1987. Kumbukumbu iliyotunzwa vyema iliwapa watu mahali pa kukutana na kusameheana.

Ndugu watumishi na wananchi, fundisho lake ni jepesi kulisema na zito kulitenda. Karani wa Port Louis hakujua kwamba anaandika nasaba za Taifa. Alidhani anamaliza kazi ya siku. Basi anayeandikisha mtoto aliyezaliwa, mgeni aliyeshuka bandarini au maiti aliyezikwa, na aandike jina kamili, jina la baba na pahala atokapo mtu, kwa hati inayosomeka. Na faili lisiachiwe mchwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na watu ni zaidi ya mali.