Bei ya Mahindi na Ujira wa Kibarua

Maneno ya hotuba kwa wakulima na wafanya kazi wa Kakamega



Kila mmoja wenu hukutana sokoni na jambo la kushangaza. Gorogoro moja la mahindi huwa rahisi mwezi wa Septemba, na gorogoro hilo hilo huwa ghali mwezi wa Mei. Tena mtu yule yule aliyeuza mahindi yake kwa bei ya chini ndiye anayerudi kuyanunua kwa bei ya juu. Wengi hulieleza jambo hili kwa neno moja tu: uroho wa wachuuzi. Neno hilo lina kweli ndani yake, lakini halitoshi. Mchuuzi mroho ni mroho mwezi wa Septemba kama alivyo mwezi wa Mei. Basi lazima liwepo jambo jingine linalobadilika.

Bei hufanywa na nani

Jambo hilo ni wingi wa mali iliyoletwa sokoni na wingi wa haja ya wanunuzi. Mahindi ya mvua kubwa hupandwa Kakamega tangu mwezi wa Februari au Machi, na mengi huvunwa kati ya Julai na Septemba. Wakati huo kila nyumba ina mahindi, na kila nyumba ina deni: karo ya shule, mbolea, dawa ya mgonjwa. Wote huja kuuza kwa pamoja. Mnunuzi akiona magunia mia yamepangwa Khayega au Shinyalu, hana sababu ya kuongeza hata senti, maana akikataliwa na huyu atakubaliwa na yule. Ifikapo Aprili maghala ni matupu, na wale waliokuwa wauzaji wamekuwa wanunuzi. Katika masoko ya magharibi ya Kenya, bei ya mahindi imekuwa ikipanda kwa asilimia 25 hadi 40 tangu mavuno mpaka miezi ya njaa, na mahali palipo mbali na barabara nzuri mara nyingi imepita asilimia 50.

Watu wa Kakamega wameona zamani nguvu ya haja. Dhahabu ilipogunduliwa mwaka wa 1931, kambi za wachimbaji zilijaa upesi, na maelfu ya Waafrika wakaajiriwa. Watu hao walihitaji kula. Wenye mashamba ya karibu wakapata wanunuzi wa mahindi na ndizi mlangoni pao, na kijana aliyezoea kwenda mbali katika mashamba ya Wazungu akaweza kupata kazi karibu na kwao. Udongo ulikuwa ule ule. Kilichoongezeka ni haja. Wala si wote waliofaidika, kwa sababu mwaka wa 1932 sheria ilibadilishwa ili ardhi ya wenyeji iweze kutwaliwa kwa ajili ya madini bila kupewa ardhi nyingine badala yake. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulipofungwa mwaka wa 1952, haja ile nayo ikaondoka.

Wako wanaosema kwamba dawa ni Serikali kuweka bei kwa amri. Hilo nalo limejaribiwa. Mwaka wa 1942, wakati wa vita, Serikali ya kikoloni ilianza kusimamia biashara ya mahindi kwa bei zilizowekwa, na mkulima Mwafrika akapewa pungufu ya alichopewa mkulima wa Kizungu. Vizuizi vya kusafirisha mahindi toka wilaya hadi wilaya vilidumu miaka mingi, hata baada ya Uhuru wa 1963, mpaka vilipoondolewa mwishoni mwa 1993. Muda huo wote magunia hayakuacha kusafiri. Yalisafiri usiku, na gharama ya kujificha ikaongezwa katika bei aliyolipa mlaji. Amri yaweza kuandika bei ukutani, lakini haiwezi kujaza ghala.

Mkopo usioandikwa

Chukueni mfano wa mama mmoja, kwa bei zilizobuniwa kwa ajili ya hesabu tu. Ana karo ya shilingi 6,000 ya kulipa. Anauza magunia mawili baada ya mavuno, kila gunia shilingi 3,000, na karo imelipwa. Mwezi wa Mei nyumba yake haina chakula, naye analazimika kununua magunia mawili, kila moja shilingi 4,200. Ametoa shilingi 8,400 ili arudishe kile alichouza kwa 6,000.

Hakuna karatasi aliyotia sahihi, wala hakuna aliyemwita mdaiwa. Hata hivyo, hesabu yake ni ya mtu aliyekopa shilingi 6,000 na kurudisha 8,400 kwa muda wa miezi minane. Kama angepata mkopo wa shilingi 6,000 na kutakiwa kurudisha 6,600, akayaacha magunia yake ndani, angebaki na faida ya shilingi 1,800. Watu humlaumu kwamba hana akili ya kuweka akiba. Akili anayo, alichokosa ni fedha siku ile karo ilipodaiwa.

Neno hili si la kukisia. Kati ya 2012 na 2014 watafiti walifanya jaribio katika sehemu za Webuye na Matete pamoja na shirika la One Acre Fund. Wakulima fulani walipewa mkopo mdogo wakati wa mavuno, ili wasilazimike kuuza. Wengi wao waliyaweka mahindi, wakauza baadaye, na wakapata faida hata baada ya kulipa riba. Lakini likaonekana na jambo la pili, nalo ni kubwa zaidi. Mahali ambapo wakulima wengi walipata mkopo kwa pamoja, bei ya wakati wa mavuno haikuanguka sana, na bei ya miezi ya njaa haikupanda sana. Hivyo faida ya kila mkopaji ilipungua, na jirani ambaye hakukopa hata senti akanufaika, maana naye aliuza kwa bei iliyo bora na kununua kwa bei nafuu. Ghala la mtu mmoja humfaa mwenyewe. Maghala ya wengi huitengeneza bei ya soko zima.

Ujira nao ni bei

Yaliyosemwa juu ya mahindi ni kweli pia juu ya kazi ya mikono. Ujira wa kibarua ni bei, nao hupanda na kushuka kwa wingi wa wanaotaka kazi na wingi wa wanaotaka wafanya kazi. Wakati wa palizi mashamba yote yanahitaji majembe, kwa hiyo mtu angetazamia ujira uwe mkubwa. Lakini huo ndio wakati ambapo nyumba nyingi hazina chakula. Mwenye njaa hawezi kungoja. Atakubali chochote ili watoto wale jioni. Majembe ya kukodishwa huwa mengi, na ujira hushuka.

Tena iko gharama ambayo haionekani mkononi. Mtu akienda kupalilia shamba la jirani, shamba lake mwenyewe humezwa na magugu. Ujira wa leo ameupata, lakini amelipa kwa debe kadhaa za mavuno yake. Mwaka unaofuata ghala lake litakuwa dogo zaidi, naye atatoka mapema zaidi kutafuta kibarua.

Katika Wilaya ya Chipata nchini Zambia, jaribio jingine lilionyesha jinsi fundo hilo linavyoweza kufunguliwa. Nyumba za wakulima zilikopeshwa mahindi au fedha katika miezi ya njaa. Zikapunguza kwenda kufanya kazi katika mashamba ya wengine na zikashughulikia mashamba yao, na mavuno yao yakaongezeka. Na kwa kuwa wenye kutafuta kibarua walikuwa wamepungua, ujira wa vibarua ukapanda. Kwa hiyo yule anayepigania ujira mwema wa kibarua na atazame pia ghala la kibarua huyo, kwa sababu mtu mwenye chakula cha mwezi mmoja nyumbani aweza kusema "hapana" kwa ujira mbaya.

Mambo ya kufanya

Wahenga walisema akiba haiozi. Mahindi yaliyowekwa yangali mabichi huoza, na kuvu yake ina sumu iwezayo kuua. Basi yaanikwe mpaka unyevu wake usizidi asilimia 13.5, ndipo yatiwe katika mifuko isiyopitisha hewa, ambayo huwazuia dumuzi bila dawa.

Asiweke mtu mahindi yote kwa tamaa ya bei ya Mei. Bei haikuahidi mtu kwamba itapanda. Mahindi ya Uganda huvuka mpaka wa Busia na Malaba, na shehena kutoka ng'ambo zaweza kuishusha bei kwa muda mfupi. Ni vema kuuza sehemu kwa ajili ya deni, kuweka kwanza chakula cha nyumba, na kilichozidi kukiuza kidogo kidogo.

Vikundi vya akina mama na vyama vya akiba vingefanya kazi kubwa kama vingetoa mikopo yao wakati wa mavuno, kabla gunia halijatoka nyumbani. Iko pia Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka wa 2019, inayomwezesha mkulima kuweka nafaka katika ghala lililoidhinishwa na kupewa hati iwezayo kuwa dhamana ya mkopo.

Mwisho, kabla ya kuuza, mtu aulize bei katika masoko matatu, na apime kwa mizani, si kwa gorogoro lililobonyezwa chini. Mchuuzi anastahili malipo ya kubeba, kuhifadhi na kuvumilia hasara. Hastahili malipo ya kutojua kwa mkulima. Mahali anapokuja mchuuzi mmoja tu, bei ni yake. Wakulima wakikusanya magunia yao mahali pamoja kando ya barabara, watakuja watatu, na hapo itawabidi washindane.